Je, Bonhoeffer alimruhusu mwanangu aache kanisa?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa usharika mmoja wa Kilutheri hapa Dar es Salaam, upande wa Tabata, na ni mzee wa kanisa. Kijana wangu wa mwisho yuko Mlimani, mwaka wa tatu. Alipata kipaimara, akaimba kwaya ya vijana, lakini tangu Pasaka haendi ibadani. Nikimuuliza, ananijibu kwa upole kwamba amemsoma mwanateolojia Mjerumani anayeitwa Bonhoeffer, tena Mlutheri mwenzetu, aliyeandika kuwa wakati wa dini umekwisha. Anasema anamfuata Yesu, ila kanisani anaona matangazo, michango na mnada tu. Je, mtu huyo alifundisha hivyo kweli? Na jambo moja dogo: nimekuwa nikijaza bahasha yake ya ahadi kimyakimya ili namba yake isionekane tupu. Nafanya vema?

Jibu: Amina, mama. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye maneno “kwa upole”. Kijana anayeacha ibada kwa hasira, au kwa sababu ya usingizi wa Jumapili, mazungumzo yake ni mengine. Wako amesoma, amefikiri, na bado anakujibu kwa adabu. Na mwalimu aliyemchagua si wa kuokoteza. Nimefundisha maandishi yake miaka mingi, nami nampenda, kwa hiyo univumilie nikijibu kwa urefu.

Maneno anayoyataja yapo. Tarehe 30 Aprili 1944, Dietrich Bonhoeffer, mchungaji mwenye umri wa miaka 38 na mfungwa wa utawala wa Hitler, alimwandikia rafiki yake Eberhard Bethge kutoka gereza la kijeshi la Tegel, Berlin. Alisema watu wanaelekea wakati usio na dini kabisa, akauliza: Kristo atakuwaje Bwana wa watu wasio na dini? Tukiuvua Ukristo vazi la dini, utakuwaje? Hayo hayakuwa mahubiri wala kitabu. Alikuwa mfungwa anayefikiri kwa sauti mbele ya rafiki mmoja, katika barua zilizopenyezwa nje bila kupita kwa wakaguzi. Bethge alizichapisha mwaka 1951, miaka sita baada ya mwenzake kunyongwa. Swali lile Bonhoeffer hakupata muda wa kulimaliza, na wengi waliolichukua baadaye wamelimalizia wanavyotaka wao.

Mkanganyiko wa kwanza unatokana na lugha yetu. Kwetu sisi dini ni neno pana kama nyumba. Mtoto akiandikishwa shule anaulizwa dini yake. Mtu akifa, dini yake ndiyo inayoamua azikwe lini na nani asimame kaburini. Tukimwambia mposaji kwamba binti ni mtu wa dini, tumemsifia tabia yake. Ukimwambia mtu wa Kariakoo habari ya “Ukristo usio na dini”, atasikia kama ameambiwa uji usio na maji.

Bonhoeffer alimaanisha kitu chembamba zaidi. Aliona mazoea mawili. La kwanza ni kumsukuma Mungu mbali juu ya dunia, au kumfungia ndani ya moyo wa mtu peke yake, ili dukani, ofisini na serikalini asiwe na neno. La pili ni kumwita pale tu akili na nguvu zetu zinapokoma. Mwezi Mei mwaka ule alikuwa anasoma kitabu cha mwanafizikia Carl Friedrich von Weizsäcker, na kikamfungua macho: ukimweka Mungu kwenye matundu ya elimu yako, kila tundu likizibwa Mungu anahamishwa. Neno alilotumia la Kijerumani linamhusu mtu anayeitwa kujaza pengo. Sisi tunalo zuri zaidi: kiraka. Mungu kiraka. Bonhoeffer alimtaka Mungu katikati ya maisha, mahali mtu ana afya, ana nguvu, ana kazi na ana furaha, si kwenye kingo zake tu.

Ukielewa hivyo, mama, utaona kwamba maneno yale hayampigi anayekwenda ibadani. Yanapiga mabango yanayotundikwa toka Ubungo hadi Mbagala yakiahidi kazi, ndoa na visa kwa jioni moja ya upako. Yanatupiga na sisi Walutheri pia, wenye taratibu zetu nzuri, tunapomwachia Mungu saa mbili za Jumapili na Jumatatu tukarudi kuwapunja wateja.

Iko habari moja ya Tegel ambayo ningependa umsimulie mwanao, ikiwa hajaifikia. Mwishoni mwa Januari 1944 mabomu yalianguka karibu na gereza, na wafungwa walikuwa wamelala sakafuni. Jirani yake, mtu ambaye kwa kawaida alikuwa wa mizaha na asiyejishughulisha na mambo ya kiroho, alikuwa akinong'ona, “Ee Mungu, ee Mungu.” Nafasi ya mchungaji ilikuwa hiyo. Bonhoeffer aliangalia saa yake akamwambia haitazidi dakika kumi. Basi. Baadaye alimweleza Bethge kwamba aliona si haki kuutumia woga wa mtu kumlazimishia dini. Akakumbusha kwamba hata Yesu msalabani hakuwaendea wale wahalifu wawili awaongoe. Ni mmoja wao aliyemgeukia yeye.

Niliposoma barua ile kwa mara ya kwanza nilikuwa tayari mchungaji, na niliifunga kwa aibu. Nilikuwa nimehubiri msibani huko Temeke, marehemu ni kijana aliyegongwa akiwa kwenye pikipiki. Nililigeuza jeneza lile kuwa mimbari. Niliwauliza vijana wenzake, “Je, ingekuwa wewe leo?” Mikono ilinyooshwa mingi, nami nikarudi nyumbani nimejaa furaha ya mvuvi. Mama wa marehemu hakunipa mkono wakati wa kuagana. Sikuelewa kwa nini, hadi nilipokutana na mtu aliyekuwa chini ya mabomu, ana Neno lote kichwani, na akachagua kumwambia mwenzake dakika zilizobaki.

Hata hivyo siendi na Bonhoeffer mpaka mwisho wa barabara. Yeye alikuwa mtoto wa profesa wa magonjwa ya akili wa Berlin na alikulia katika nyumba ya nafasi kule Grunewald. Daktari kwake alikuwa baba yake mwenyewe. Mama anayekesha wodini Muhimbili akimwombea mtoto hamfanyi Mungu kiraka, kwa sababu Mungu huyo huyo alimshukuru asubuhi ile mtoto alipokuwa akikimbia uani. Mtu hapimwi kwa kuomba akiwa na shida. Anapimwa kwa kile anachomwambia Mungu siku shida haipo. Na utabiri wenyewe kwetu haukutimia. Mwanateolojia wa Kenya, John Mbiti, aliandika miaka ya 1960 kwamba Mwafrika anajulikana kwa kushika dini, na ukisimama barabarani Magomeni Jumapili alfajiri, kati ya adhana na vipaza sauti vya makanisa, utakubali. Mwanao akiuchukua utabiri wa Tegel ulivyo, amevaa koti la Berlin kwenye joto la Dar es Salaam. Onyo lililomo ndani yake linatuhusu. Ile picha ya watu waliomaliza habari za dini haituhusu.

Sasa swali lenyewe: je, alifundisha kwamba unaweza kumfuata Kristo bila kanisa?

Hapana, mama. Sidhani kama karne ile ilikuwa na Mlutheri aliyelishikilia kanisa kwa nguvu kuliko yeye. Tasnifu yake ya udaktari, aliyoiwasilisha Berlin mwaka 1927 akiwa na miaka 21, ilihusu ushirika wa watakatifu, na hoja yake kuu ilikuwa kwamba Kristo yupo duniani kama jumuiya. Mwaka 1933 kanisa la nchi yake lilipopitisha kanuni ya kuwaondoa kwenye utumishi wachungaji wenye asili ya Kiyahudi, alisimama na wachache waliokataa, ambao baadaye waliitwa Kanisa la Ukiri. Mwaka 1936 aliandika sentensi iliyowaudhi hata marafiki zake: anayejitenga kwa kujua na Kanisa la Ukiri katika Ujerumani anajitenga na wokovu. Mwanao aisome hiyo. Unaweza kuikataa, lakini huwezi kumfanya aliyeiandika awe mlezi wa watu wanaobaki nyumbani Jumapili.

Kuanzia 1935 aliongoza chuo cha wachungaji cha Kanisa la Ukiri huko Finkenwalde, hadi Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, walipokifunga mwaka 1937. Waliishi pamoja, wakaomba Zaburi asubuhi na jioni, wakatubu dhambi zao wao kwa wao. Walikuwa na kanuni moja ambayo ningetamani ibandikwe kwenye kila ofisi ya usharika: usimzungumze mwenzako akiwa hayupo, na ukiteleza, nenda ukamwambie mwenyewe uliyoyasema. Kitabu kidogo alichokiandika mwaka 1938 kuhusu maisha yale kina onyo linalomgusa mwanao moja kwa moja. Anasema anayeipenda ndoto yake ya jumuiya kuliko jumuiya yenyewe anaibomoa, hata kama nia yake ni safi kabisa. Ndugu tuliopewa ndio hawa hawa: mwenye kwaya asiyefika mazoezini kwa wakati, mzee anayerefusha matangazo, mama anayepandisha bei ya kuku wa mnada ili aonekane. Kristo amewaita hao, bila kutuuliza sisi kwanza.

Mwezi Juni 1939 alifika New York. Marafiki walimtafutia nafasi ya kufundisha, na vita ilikuwa mlangoni. Angeweza kukaa. Hakumaliza mwezi. Alimwandikia Reinhold Niebuhr, mwanateolojia wa Marekani, kwamba hatakuwa na haki ya kusaidia kujenga upya maisha ya Kikristo Ujerumani baada ya vita kama hatashiriki majaribu ya wakati ule na watu wake. Walio wengi katika kanisa alilolirudia walikuwa waoga, na baadhi walikuwa wameshauza imani yao kwa dola. Alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, na bado alipanda meli akarudi.

Na huko gerezani, wakati ule ule akiandika habari za Ukristo usio na dini, alikuwa akisoma kila siku mafungu ya Biblia ya Wamoravian, yale ambayo Herrnhut, kitovu chao huko Ujerumani, imeyatoa kila mwaka tangu 1731 na ambayo ndugu zetu Wamoravian wa Mbeya na Tabora wanayafahamu vizuri. Alikuwa akiimba kimoyomoyo nyimbo za Paul Gerhardt, mtunzi wa tenzi wa Kilutheri. Mwezi Mei 1944 mtoto wa Bethge alibatizwa, na Bonhoeffer akatuma mahubiri kutoka selo. Humo alisema kuwa Mkristo kwa wakati ule kutabaki na mambo mawili: kuomba, na kutenda haki kati ya watu. Zingatia, mama, kwamba sala ipo, na ndiyo ya kwanza. Kama sala zake alizificha zisichakazwe na propaganda, hakuwa ameziacha.

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo ningemwambia mwanao kama angekuwa amekaa hapa kwangu. Mwaka 1937 Bonhoeffer alitoa kitabu chake kuhusu kumfuata Kristo, na humo ndimo lilimo lile neno lake linalojulikana zaidi, ambalo wengine hulitafsiri “neema rahisi”. Mimi hupenda kusema neema ya bei chee, kama ya sokoni: msamaha bila toba, ubatizo bila malezi, Meza ya Bwana bila kuungama. Kinyume chake aliita neema ya gharama, na Kijerumani chake kina neno moja linalobeba maana ya ghali na maana ya thamani kwa pamoja. Biblia yetu ya Kiswahili imelifanya hilo tayari: “maana mlinunuliwa kwa thamani.”

Anaeleza jinsi neema ya Luther ilivyogeuka ya bei chee. Luther alifika kwenye neema mwisho wa safari. Alikuwa mtawa, alifunga, alikesha, alijitesa, na mwisho akagundua kwamba hata vyote vile haviwezi kumwokoa; ni neema peke yake. Kwake neema lilikuwa jibu la hesabu. Waliokuja baada yake wakalichukua jibu bila kukokotoa: kama ni neema peke yake, basi naweza kukaa nilivyo. Bonhoeffer analinganisha na Faust, msomi katika tamthilia ya mshairi Mjerumani Goethe, ambaye baada ya maisha ya kusoma anasema hatuwezi kujua lolote. Maneno hayo kwake ni tunda la jasho. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiyasema kuhalalisha uvivu wake, maneno ni yale yale, lakini yamekuwa uongo.

Ndicho kilichompata Bonhoeffer mwenyewe mikononi mwa wasomaji wake. “Ukristo usio na dini” ni sentensi ya mtu aliyekuwa ameomba Zaburi miaka mingi, amefundisha watoto kipaimara, amepoteza chuo chake, amekatazwa kuhubiri hadharani, na yuko selo akingoja. Yeye aliifikia. Mwanao ameianza. Mtu akiianzia hapo ameipata bei chee, na Bonhoeffer ndiye angekuwa wa kwanza kumdai.

Lakini usiende nyumbani ukamwambia ameshindwa, mama, kwa sababu upo upande ambao ameona sawasawa. Agosti 1944, katika muhtasari wa kitabu ambacho hakuwahi kukikamilisha, Bonhoeffer aliandika kwamba kanisa ni kanisa pale tu linapokuwepo kwa ajili ya wengine. Akaendelea: lianze kwa kuwapa wahitaji mali zake zote, na wachungaji waishi kwa sadaka za hiari za washarika, au pengine wafanye kazi nyingine ya kidunia. Nilipowasomea wanafunzi wangu, wote wakiwa wachungaji watarajiwa, darasa lilinyamaza kabisa. Sidai tuuze majengo kesho. Lakini ukihesabu dakika za ibada ya pili katika sharika nyingi za mjini, ukaweka upande mmoja za ujenzi, ahadi na mnada, upande mwingine za yatima, mgonjwa na jirani asiye Mkristo, utajua kijana alikuwa anatazama nini. Wewe ni mzee wa kanisa. Swali hilo lipeleke barazani kwa jina lako, usilipeleke kwa jina lake.

Na ajue kwamba kanisa hili analolikimbia lina historia na Bonhoeffer kuliko anavyodhani. Aprili 1933, katika insha yake kuhusu Wayahudi, alitumia usemi wa kale wa Kilutheri: hali ya ukiri, yaani wakati ambapo kunyamaza juu ya jambo fulani ni kumkana Kristo. Juni 1977 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilifanya mkutano mkuu wake wa sita katika jiji hili hili la Dar es Salaam. Askofu wetu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Mkutano ule ulitangaza kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini umeleta hali ya ukiri. Si suala la siasa ambalo kila kanisa lina uhuru wa kuwa na maoni yake. Miaka saba baadaye, Budapest, makanisa mawili ya Wazungu ya kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama kwa kushindwa kuukataa. Mlolongo huo kutoka Berlin kupita Dar es Salaam haukubebwa na watu mmoja mmoja waliompenda Yesu vyumbani mwao. Ulibebwa na makanisa yenye vikao, kumbukumbu za vikao, na bila shaka matangazo marefu.

Ufanye nini basi? Usimwitie kikao cha wazee, na usimpeleke kwenye maombezi kama mtu aliyerogwa. Mnunulie, au mwazimie kutoka kwa mchungaji wenu, kile kitabu kidogo cha maisha ya pamoja, mkisome wawili jioni, kurasa tatu tatu. Akubali pia kusoma barua zile kwa mpangilio wa tarehe, asirukie Aprili 1944. Barua ya tarehe 21 Julai 1944, iliyoandikwa siku moja baada ya jaribio la kumuua Hitler, ambalo yeye na wenzake walihusika nalo, kushindwa, ndiyo ningependa afike nayo polepole. Pale Bonhoeffer, akijua mwisho wake umekaribia, anasema amejifunza kwamba mtu huanza kuamini anapoishi kwa ukamilifu katika dunia hii, na kazi zake, maswali yake, mafanikio na kushindwa kwake, huku akijitupa mikononi mwa Mungu na kukesha na Kristo Gethsemane. Alinyongwa katika kambi ya mateso ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945.

Kisha muulize swali moja, na umwache alijibu kwa wiki kadhaa: Jumapili ile asiyokuja ibadani, anakuwa kwa ajili ya nani? Kama yuko na mgonjwa, au anawafundisha watoto wa mtaani hisabati, mshukuru Mungu na umwambie jumuiya yenu inahitaji watu kama yeye. Kama yuko na simu yake kitandani, atalijua jibu kabla hujalisikia.

Kuhusu bahasha: acha, mama. Najua umefanya kwa mapenzi, na najua hofu iliyopo nyuma yake, kwamba siku ya msiba mtu atafungua daftari na kuuliza namba fulani ilitoa nini. Lakini unamlipia mwanao ushirika ambao hajautoa, naye hajui, na usharika nao haujui kwamba mmoja wao hayupo. Hakuna atakayemtembelea mtu ambaye bahasha yake inafika kila mwezi. Fedha hiyo iweke kwenye bahasha yako. Mwambie kijana ulichokuwa ukifanya na kwamba umeacha, kisha umpe mkononi bahasha zake zilizobaki za mwaka huu, tupu, akae nazo yeye.